Bi Kindi na Geti la Bwana Nyati

"Laki moja!" Bwana Nyati alipiga kwato chini, tii! "Laki moja taslimu nakupa, wewe kipande cha mkia, ukiweza kumfikia binti yangu!"

"Sema tena, majirani wasikie," alijibu Bi Kindi kutoka juu ya ukuta.

"Laki moja! Geti la chuma hili hapa! Mlinzi Kifaru huyu hapa! Nani atapita?"

"Nitapita mimi, na sitagusa hata msumari mmoja. Tena mimi sina maneno ya pembeni, Bwana Nyati, nakuambia mapema: kesho, kabla jua halijazama, nitakudanganya."

"Unidanganye mimi? Hohoo!"

Haya yalikuwa hapo zamani za kale, watoto, lakini si kale mno, maana wanyama walishakuwa na simu. Wewe unayecheka huko nyuma, tulia. Nyati alikuwa nayo, Kifaru alikuwa nayo, hata Konokono alikuwa nayo, ingawa kujibu alichelewa.

Ugomvi ulianzia hapa. Bwana Nyati alikuwa na binti mmoja, Sikudhani, ndama wa darasa la nne. Siku moja simu ya Sikudhani ililia, ting! Aliyeandika alijiita Paa Mdogo, na picha aliyoweka ilikuwa ya paa mdogo kweli.

"Tuwe marafiki. Nitumie picha yako. Geti lenu hufunguliwa saa ngapi? Usimwambie mtu."

Sikudhani hakujibu. Alikimbia moja kwa moja kwa baba yake, akamwonyesha. Hebu semeni, si alifanya vizuri mtoto huyo? Alifanya vizuri kuliko wakubwa wengi ninaowajua.

Na baba yake alifanyaje? Alifoka! "Umeanza urafiki na wasiojulikana! Lete simu hiyo!" Akaifungia kabatini, kacha! Ufunguo akauvaa shingoni, kisha akaenda kununua geti la chuma, akaona kazi ya kulinda mtoto imekwisha.

Sikudhani alilia mpaka macho yakavimba. Bi Kindi, jirani yao wa kwenye mkorosho, akasikia, akaja kumtetea. Ndipo ukazuka ule mzozo wa laki moja.

Sasa, Kindi alirudi zake, akajilaza kwenye tawi, akafungua simu. Hakufanya uchawi. Alitazama tu ukurasa wa Bwana Nyati, ambao kila mnyama aliweza kuutazama. Lahaula! Nyati alikuwa ameanika kila kitu mwenyewe. Sikudhani na sare, jina la shule linasomeka kifuani. Sikudhani anakata keki. Sikudhani anacheka, pengo nje. Halafu Nyati mwenyewe kajiegemeza kwenye geti jipya, na chini kaandika: "Kwa Mwalimu Kanga, darasa la nne, hakuna mwenye nidhamu kama binti yangu!"

"Ahaa," alisema Kindi. "Mlango huu hapa, tena uko wazi."

Kesho yake Nyati alishinda getini, macho kodo, akimvizia Kindi. Mara simu yake ikalia. Ting! Picha ilikuwa nembo ya shule.

"Mzazi mpendwa, ni mimi Mwalimu Kanga. Sikudhani ameshinda kikombe cha nidhamu. Mlete saa nane, chumba cha nyuma ya mashine ya kusaga unga, apigwe picha. Avae sare. Tunaona pengo lake limeanza kuziba, hongera. Usiwaambie wazazi wengine, wataona wivu."

Nyati alisoma, akarudia. Kifua kikamvimba.

"Kifaru! Fungua geti!"

"Na Kindi je, bosi?"

"Kindi atamfikia vipi, nami natoka na mtoto mwenyewe? Fungua!"

Kriiii!

Njiani Sikudhani alimvuta baba yake mkia.

"Baba, namba hiyo si ya Mwalimu Kanga."

"Amebadilisha."

"Mbona anasema tusiwaambie wengine? Hata Paa Mdogo alisema hivyo hivyo. Piga simu shuleni kwanza, baba."

"Nyamaza! Mambo ya simu utanifundisha wewe?"

Wakafika. Mlango ulikuwa wazi kidogo, ndani giza. Sauti nyembamba ikaita: "Karibuni! Mtoto aingie, mzazi abaki nje tafadhali."

Nyati akamsukuma binti yake taratibu kwa pua. "Ingia, mama. Ucheke vizuri."

Mlango ukafungwa. Kwaa!

Nyati akabaki nje, akizilaza nywele za kichwani, huenda naye akaitwa kwenye picha. Akasubiri. Akabisha, ngo ngo ngo!

"Mwalimu?"

Kimya.

"Mwalimu Kanga?"

Hapo ndipo alipoanza kukizunguka chumba mbio, kama ndama aliyepotea. Zile pembe, kile kifua, wapi! "Sikudhani! Mwanangu! Sikudhani!"

Dirisha likafunguliwa. Bi Kindi huyo, kajifunga kilemba, na kando yake Sikudhani anatafuna karanga.

"Jirani," aliuliza Kindi, "nimegusa msumari?"

Nyati akakaa chini, puu!

"Umemtoa mwenyewe, umemleta mwenyewe, ukamkabidhi kwa sauti usiyoijua. Leo ni mimi. Na yule Paa Mdogo ni nani? Paa wa kweli huruka ukuta, haulizi geti linafunguliwa saa ngapi! Kama ni Chui je? Sasa hivi anawaandikia watoto wengine, na maneno yake, ambayo tungeyatumia kumshtaki, wewe umeyafungia kabatini."

Nyati alitoa laki moja. Akainyoosha dirishani bila kumtazama mtu.

Kindi aliipokea, akaifunga kwenye ncha ya kilemba. Alishinda kwa haki, kwa nini aikatae? "Yangu nimepata," akasema. "Sasa lipa ya huyu."

"Ya huyu ipi?"

"Alikuja kukuambia, ukamwadhibu. Leo amekuonya njiani, ukamnyamazisha. Muulize mwenyewe anakudai nini."

Nanyi shikeni hili, mkawaambie na wazazi wenu: mtoto anayekuja kusema yaliyomkuta kwenye simu husikilizwa, haadhibiwi.

Sikudhani alitoka nje, akasimama mbele ya pembe zile kubwa, akakung'uta maganda ya karanga.

"Picha zangu zitoe zote kwenye ukurasa wako, baba."

"Tukifika nyumbani, mama..."

"Hapa hapa."

Nyati akazitoa, moja moja, Sikudhani akiangalia.

"Ufunguo wa kabati."

Nyati akauvua shingoni, akampa.

"Sasa niombe radhi."

Nyati akainamisha pembe mpaka zikagusa vumbi, akasema: "Nisamehe, mwanangu."