Nani Azibue Ndiva

Hapo zamani, huko milima ya Upare, wanawake hawakuwa na kikao chao. Kila mmoja alilima kivyake, akaugua kivyake. Namkunda akasema haiwezekani. Akapanda mlima huu, akashuka ule, akaunda kikundi hapa na kikundi pale, mpaka vikawa kitu kimoja. Sheria yake ilikuwa moja: mkutanoni usije bila jembe. Waume wakacheka, "Mnaenda kuongea au kulima?" Namkunda akabeba jembe lake, akaenda.

Mwaka mmoja mvua ikakatika mahindi yakitoa mbelewele. Tumaini likabaki kwenye ndiva, lile bwawa la udongo linalozibwa jioni na kuzibuliwa asubuhi na wanaume tu. Siku ya mkutano, Nanzia, binti wa kijijini, akipita zake akaona ukingo umepasuka, maji yanabubujika. Akavua kanga, akaisokomeza kwenye ufa, akauegemea kwa mgongo, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Bibi Nakijwa, ajuza aliyekaa jirani na ndiva, akamsikia. Pembe ya kuitia watu ilining'inia karibu, ila kwa mila mwanamke haruhusiwi kuigusa. Na wanaume wote walikuwa mnadani.

"Nikilaaniwa, nimeshazeeka," akasema. Akaipuliza.

Namkunda alikuwa ndio kwanza anafungua mkutano. Akaisikia pembe. "Majembe," akasema, akatangulia mbio. Wakachimba udongo, wakakata migomba, wakashindilia. Ukingo ukashika.

Namkunda akaketi topeni, akacheka huku machozi yanamtoka. Mahindi yamepona. Watoto watakula.

Wanaume waliporudi, mzee wa maji, msimamizi wa ndiva, aliikagua kazi ile. Kisha akasema, "Kesho atazibua mwanamke. Mmoja tu. Na huyo atakaa nasi kugawa maji maisha yake yote."

Nanzia akasema, "Bila mgongo wangu mngekuta shimo."

"Mgongo wako ungechoka, mwanangu," akajibu Bibi Nakijwa. "Nani angejua uko pale? Na laana ya pembe ni yangu peke yangu."

Namkunda hakutaka kusema. Lakini kiti kile cha wagawa maji alikitafuta miaka yote, na moyo ukamtuma. "Dada zangu, bila sheria yangu ya jembe, pembe ingewaita watu mikono mitupu."

Wakatazamana, wakaangua kicheko, maana kubishania maji yaliyopo ni raha.

Kulipokucha wakasimama ukingoni wote watatu. Mti wa kuzibulia ulikuwa mmoja. Haya, ninyi mliokula ugali mkashiba, semeni: nani alistahili kuushika?