Bakuli la Mwani la Bi Kazija

Paukwa!

Pakawa.

Mbona mmeitika kama mnaoumwa meno? Paukwa!

Pakawaaa!

Ehe, hapo sasa tunasikilizana. Sogeeni. Hapo zamani za kale, zamani za bibi wa bibi yangu, palikuwa na kijiji kando ya bahari. Jina lake limesahaulika, nami sitakibandika jina la uongo. Maji ya huko yalipokupwa yalikwenda mbali, mbali, mbali, mpaka ukisimama ufukweni huoni ila mchanga unaometa na mawe yenye nywele. Nywele zile ndizo mwani. Mwani mwekundu, mwani wa zambarau, mwani wa rangi ya asali. Unalala huku, unalala kule, unafuata maji.

Watu wa kijiji kile walikuwa wakiula? Thubutu! Waliuita takataka za bahari. Mawimbi yakiutupa pwani wanaufagia, wanautandika vizimbani ili kuku watagie. Aliyeula ni mmoja tu, Bi Kazija, kizee mfupi aliyekula chumvi nyingi, meno mawili juu na moja chini. Kila bamvua, maji yanapokupwa sana, alishuka na pakacha lake na kisu. Haung'oi. Anakata juu, shina analiacha libaki jiweni lichipue tena. Kisha anaosha. Chwa, chwa, chwa. Anamwaga maji. Chwa, chwa, chwa. Maji saba. Kisha anauanika juani mpaka unapauka na kukauka kau.

"Bi Kazija anakula kitanda cha kuku!" watoto walimwimbia.

"Ndiyo maana namshinda kuku mbio," alijibu, akaendelea kuosha.

Sasa, kijijini humo aliishi mwanamke mmoja, jina lake Miza, mke wa Vuai mchonga mizinga ya nyuki. Miza alijifungua mtoto wa kike. Uzazi ulikuwa mgumu, jamani. Mtoto salama, mama hoi. Damu nyingi ilimtoka, uso ukapauka, miguu ikawa mizito kama si yake. Chakula akikionja anakisukuma. Alilala akitazama makuti ya paa, siku ikaingia, siku ikatoka.

Na kijiji kile kilikuwa na ada yake. Mzazi hatoki nje ya ua kwa siku arubaini. Siku ya arubaini, jua likichomoza, anambeba mwanawe kwa mikono yake mwenyewe, anatembea kwa miguu yake mwenyewe, mpaka majini. Hapo mtoto anachovywa vidole vya miguu na kupewa jina. Mama akishindwa njiani, mwanamke mwingine wa ukoo anampokea mtoto. Na atakayemfikisha majini ndiye atakayemlea, ndiye atakayeitwa mama. Msiniulize nani aliiweka ada hiyo. Mimi simo.

Aliyeandaliwa kumpokea alikuwa wifi yake Miza, jina lake Semeni, dada yake Vuai. Msimchukie bado. Semeni hakuwa na roho mbaya. Aliolewa mara mbili na hakujaliwa mtoto. Kila asubuhi alikuja, akamwogesha yule mchanga, akampaka mafuta ya nazi, akamwimbia polepole. Miza alimtazama kutoka kitandani, akaona jinsi mtoto alivyoizoea mikono ile. Alimwonea Semeni huruma. Alimwogopa pia.

Siku ya kumi Vuai aliiweka haya yake kando, akaenda kwa Bi Kazija.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kukuomba. Mke wangu hasimami."

Bi Kazija akamtazama.

"Lete asali," alisema.

Akachukua mwani mkavu, akauloweka, akauchemsha kwa moto mdogo mpaka ukayeyuka, ukawa rojorojo. Akauchuja. Akatia tui la nazi, akatia tangawizi, akatia asali ya Vuai. Ukawa uji mzito unaotikisika ukiugusa. Akaumimina kwenye bakuli jeupe, akampelekea Miza kitandani.

"Ni dawa, bibi?" Miza aliuliza.

"Ni chakula. Kula."

"Nitaweza kufika majini?"

"Leo utaweza vijiko viwili."

Miza akala kijiko kimoja. Akala cha pili. Ulikuwa laini, hauna makuu, una harufu ya mbali ya chumvi. Akafumba macho, akaona maji yamekupwa, na yeye amelala katikati ya mwani, anabebwa huku, anabebwa kule, wala haumwi na kitu. Alipofumbua macho bakuli lilikuwa tupu.

Kesho yake Bi Kazija akaja tena, lakini bakuli hakulileta kitandani. Aliliweka kwenye kigoda, ukutani.

"Bibi, sifiki hapo."

"Lenyewe halina miguu. Wewe unayo."

Miza akashika ukuta, akapiga hatua. Ti. Akapumua. Ti. Akapumua. Ti. Akafika, akakaa chini, akala.

Siku ya tatu ya uji bakuli lilikuwa mlangoni. Ti, akapumua, ti, akapumua. Halafu ukumbini. Halafu uani, kando ya jiwe la kunolea visu. Kila siku bakuli moja, si zaidi. Vuai alipoacha kuleta samaki, akidhani mwani unatosha, Bi Kazija alimkaripia. "Samaki yuko wapi? Mchicha uko wapi? Unataka mwani ufanye kazi peke yake kama punda?" Vuai akatimua mbio sokoni.

Damu ikaanza kurudi usoni. Kila Miza akimeza, aliyaona yale maji, ile rangi ya asali, ule mwani ukilala huku na kule. Mchana mwingine hakujua kama yuko uani au yuko baharini. Lakini siku alizihesabu. Siku ya thelathini na moja bakuli lilikuwa kwenye kizimba cha kuku tu, na kutoka pale hadi majini kulikuwa kama kwenda ng'ambo ya dunia. Siku ile akamsikia Semeni akimwambia mtoto, "Tutakwenda mimi na wewe, eh? Tutakwenda."

Jikoni palikuwa na chungu, uji wa siku nne alioupika Bi Kazija umehifadhiwa humo. Watu walipogeuza migongo, Miza akaingia, akala. Akala, akala, akakwangua mpaka kitako cha chungu kikalia kwaru, kwaru.

Mnajua kilichofuata. Nguruuu! Tumbo likanguruma kama ngoma ya harusi. Miza alilala siku mbili, na miguu ikarudi kuwa mizito.

Bi Kazija alipoona chungu, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Ulitaka kuzila siku nne kwa siku moja! Tumbo lako limekwambia leo ni leo tu."

Miza hakucheka.

"Bibi, watamchukua mwanangu," alisema. Kwa siku zote zile hakuwahi kulisema neno hilo. Alipolisema alilia kwa kwikwi, mtoto akaamka naye akalia.

Bi Kazija akaacha kucheka. Akakaa sakafuni, akaiweka miguu ya Miza mapajani mwake, akaipaka mafuta, kidole kimoja kimoja, taratibu, mpaka mama na mtoto wakanyamaza.

"Kesho bakuli linarudi mlangoni," alisema. "Tunaanzia hapo."

Wakaanzia hapo. Mlangoni. Ukumbini. Uani. Kizimbani. Mwishowe bakuli likawekwa kwenye lango la ua, na Miza akaambiwa auzunguke ua mara tatu kwanza, mtoto mkononi. Ti, ti, ti. Sasa anapumua baada ya hatua tano, sasa baada ya kumi. Siku ya thelathini na tisa alizunguka mara tatu, akakaa langoni, akala.

"Kesho siji," Bi Kazija alisema.

"Na uji, bibi?"

"Uji utakuwepo."

Siku ya arubaini jua likachomoza. Wanawake wakaja na chetezo cha udi. Semeni akaja, amevaa kanga mpya, mikono imepakwa hina. Miza akambeba mwanawe akatoka langoni. Ti, ti, ti. Njia ilikuwa ndefu kuliko ua wote alioujua. Akapita kisima. Akapita nyumba ya mwisho. Mchanga ukaanza, na mchangani miguu inazama. Akasimama.

Hata aliyeshika chetezo aliacha kukipepea.

Semeni akanyoosha mikono. Machozi yalimlengalenga.

"Nipe, wifi," alisema taratibu. "Umejitahidi. Nipe."

Miza akainua macho. Maji yalikuwa yamekupwa mbali, yanameta, na ukungu wa asubuhi umeyalalia. Na pale maji yanapoanza, juu ya jiwe lenye nywele, akaona kitu cheupe. Kando yake kizee kifupi kimeinama, kimewapa watu wote mgongo, kinaosha mwani wake. Chwa, chwa, chwa. Hakugeuka hata kidogo.

Ndipo Miza akasikia njaa. Njaa ile ya kila asubuhi, ya wakati ule ule.

"Bakuli langu lile pale," alisema.

Ti. Akapumua. Ti. Akapumua. Mchanga ukawa unyevu. Ti. Ukawa maji. Akainama, akavichovya vidole vya mwanawe baharini. Mtoto akakunja uso, akapiga ukelele, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka ndege wa pwani wakaruka.

"Jina lake nani?" wakauliza.

"Kazija."

"Mmemponza mtoto," Bi Kazija alisema, bado kainama. Lakini mikono yake ilikuwa imeacha kuosha.

Miza akageuka. Semeni alikuwa amesimama palepale mchangani, mikono bado imenyooka nusu, mitupu. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Miza akamwita.

"Wifi! Njoo unishikie mwanetu. Mimi nataka kula."

Semeni akaja mbio, kanga mpya ikilowa. Akampokea mtoto, akamkumbatia, akalia mbele za watu bila kuona haya. Na Miza akakaa juu ya jiwe, miguu majini, mwani ukimpapasa nyayo, akala bakuli lote mpaka chini.

Tangu siku ile ada ya kumpa mtoto mama mwingine ilikufa, wala hakuna aliyeizika kwa matanga. Ikabaki nyingine. Kila mzazi wa kijiji kile anawekewa bakuli la mwani, na kila siku bakuli linasogea kidogo. Watu walimuuliza Bi Kazija mpaka siku zake za mwisho, "Ni mwani uliomnyanyua au ni hatua?" Naye alijibu, "Muulizeni Miza. Mimi nilikuwa naosha."

Basi nanyi mlionisikiliza, funzo ni hili: chakula chema ukile kidogo, kila siku, wala usikikwangue chunguni kwa siku moja. Na ukimpenda mgonjwa, mpelekee bakuli, lakini lisogeze kidogo, naye atalifuata. Hadithi yangu imeishia hapo, bakuli ni tupu, na anayetaka jingine akaoshe mwani wake. Maji saba, msinidanganye.