Ukimya Usiokuwa Ridhaa

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia kwamba katika mji wa Wasit aliishi mja mwema aitwaye Bibi Rufaida bint Zuhair, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyewafundisha wanawake maana na asili ya maneno. Wanafunzi wake walikula unga wa Liwali, na bila unga ule chuo kisingesimama.

Ikawa mpwa wa Liwali amemposa Lubaba, binti wa muuza ngozi. Siku ya nikahi Kadhi alimtuma Bibi Rufaida akasikilize idhini ya bibi harusi, kwani desturi yao ilikuwa mwanamwali akinyamaza, basi ameridhia. Bibi aliiona kazi nyepesi, akaingia ndani huku akiiwazia karamu.

Alimkuta Lubaba amezungukwa na shangazi zake, macho yamemvimba. Alipomuuliza, binti alinyamaza. Shangazi mkubwa akaeleza kwa fahari kwamba hakuna aliyemgusa hata unywele. Walipokezana tu kumnasihi, usiku na mchana, na mama yake akasusa kusema naye, mpaka binti akaacha kubisha.

Bibi Rufaida aliingiwa na hofu. Aliwakumbuka wanafunzi wake na unga wao, na hapo hatumlaumu, tumbo ni tumbo. Kisha akatoka.

"Amenyamaza?" Kadhi akauliza.

"Amenyamaza. Lakini ridhaa sikuiona."

Baba mtu akaja juu. Alisema hakuna fimbo iliyoinuliwa nyumbani kwake, basi ikrahi, yaani kulazimishwa, iko wapi?

"Bwana wangu, Waarabu hawakulitoa neno ikrahi kwenye fimbo. Walilitoa kwenye karaha, na karaha hukaa moyoni. Hayo mnayoyaita nasaha jina lake ni udhia, nao ukikaririwa mpaka mtu akachoka kusema, ndiyo ikrahi yenyewe."

 Kadhi akaamuru shangazi watoke, Bibi akaulize tena, mlango ukiwa wazi. Safari hii ukumbini walisikia wote, kwa sauti ndogo isiyotetemeka: "Sitaki."

Nikahi haikufungwa. Unga wa Liwali ulikoma wiki ile ile, na Bibi Rufaida akaendelea kuwafundisha wachache waliobaki, wakila tende.

Nasi, enyi ndugu, tumezoea kusema majumbani mwetu, "Amekubali mwenyewe." Tumche Mwenyezi Mungu, tujiulize kwanza kama tulimwachia nafasi ya kukataa.