Kamera Iliyozunguka Kama Kuku wa Mnada

Nawapa kesi, na msinijibu haraka. Hasira zangu nimeziombea tangu juzi, bado zinachemka.

Hapa Tukuyu wapo watu wazima watatu wanaocheza na wanasesere. Ambakisye, fundi viatu, amejaliwa mikono: mpe waya na kipande cha tairi, atakutolea mtu anayekunja goti. Atupele, mama lishe, amejaliwa subira: anamsogeza mwanasesere kiasi cha punje ya mchele, anaondoa mkono, picha inapigwa, anamsogeza tena. Lusekelo, kinyozi, amejaliwa jicho: ndiye anayepiga picha hizo kwa simu yake na kuziunganisha, na zikiunganishwa, wanasesere wanatembea wenyewe.

Walichekwa sana, wakaambiwa wamerudia utoto. Wakaendelea.

Sinema yao ilihusu mnada wa mavuno kanisani. Mnaujua. Bibi analeta kuku wa sadaka, mtu anamnunua, kisha anamrudisha mezani anadiwe tena, na tena. Katika sinema kuku anachoka, anakata kamba, na kanisa zima linamfukuza, mchungaji mbele.

Walipofika kwenye kukimbia, mguu wa kuku ukakatika. Kuku mwingine angejulikana. Ambakisye akachomoa waya wa breki ya baiskeli yake, akaupenyeza ndani ya mguu uleule, kuku akasimama kama mwanzo. Baiskeli ikabaki bila breki, na mji wenyewe huu wa milima. Bila yeye, sinema ingefia pale.

Halafu mbuzi wa jirani akaingia akaipiga meza kichwa, waumini wote chini. Lusekelo akakata tamaa, akasema waanze upya. Atupele akamwambia, "Kaka, kaa chini. Watu wangu nawajua wanakokanyaga." Akawarudisha, mzee wa kanisa mguu wa kushoto mbele, bibi shingo upande, hadi picha mpya ikafuata ya zamani bila kuruka. Chakula chake cha kuuza kikaungulia jikoni. Bila yeye, sinema ingefia pale.

Wakaja kutazama kazi yao, kumbe ukungu wetu ulikuwa ukiingia na kutoka dirishani. Picha hii nyeusi, hii nyeupe. Kuku kama anakimbia kwenye radi. Lusekelo akafunga saluni, wateja wakahamia kwa kinyozi mwingine, akasawazisha mwanga wa picha moja baada ya nyingine hadi zote zikalingana. Simu ikazidiwa, ikafa siku aliyomaliza. Bila yeye, mnajua.

Tamasha la sinema likaja, wakawa wa kwanza. Zawadi ni kamera moja na stendi yake ya miguu mitatu. Hapo ndipo msimamizi aliponikera. Akasema sinema ina mwenyewe mmoja. Jina moja litaandikwa, mengine yatafutwa. Jina lisipofika Jumapili baada ya ibada, kamera itakwenda kwa mshindi wa pili, Ntuli.

Ntuli! Wanasesere wake anawavuta kwa uzi, na uzi wenyewe unaonekana. Hakumsogeza hata mmoja kwa mkono. Mungu anisamehe, sala ya jioni ilinishinda kwa kumfikiria mtu huyo.

Wale watatu wakafanya adabu ya mnadani. Ambakisye akamtaja Atupele. Atupele akamtaja Lusekelo. Lusekelo akamtaja Ambakisye. Msimamizi akawaambia pale si kanisani, kamera hairudishwi mezani.

Njiani kurudi, Atupele akashindwa kujizuia. "Mimi nimekutaja wewe, Lusekelo. Wewe ukamtaja fundi viatu?"

"Dada, nilijua atakurudishia."

"Nimrudishie nini," Ambakisye akasema, "wakati mimi ndiye niliyemtaja wa kwanza? Au hamkusikia?"

Toka hapo hawajasemeshana. Anayeandikwa atapata kamera, na wenzake wawili wataonekana hawakufanya kitu. Asipoandikwa mtu, hawana simu, hawana kamera, mchezo wao umekwisha.

Kesho ni Jumapili. Ntuli ameshanunua mkoba wa kuwekea kamera, leo kapita nao sokoni ukiwa mtupu.

Haya, mliokaa hapa, wakubwa kwa watoto. Aliyempa kuku mguu, aliyewasimamisha walioanguka, aliyeufuta ukungu: kalamu ingekuwa mkononi mwako kesho, ungeandika jina la nani? Au ungeuacha mkoba wa Ntuli ujae?