Keki Iliyosubiri Maji Kupwa

Kawia ufike si sifa ya uvivu. Maana yake ni kwamba safari hupimwa kwa kufika, si kwa kuondoka mapema. Murray aliyajua hayo siku moja ya likizo, maji yakiwa kifuani.

Saa sita mchana, yeye na shemeji yake Ngaire walifika kwenye hori la Awaroa, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu katika Hifadhi ya Taifa ya Abel Tasman. Ng'ambo, mama yake Ngaire na mkwewe Murray, Bi Huhana, alikuwa akitimiza miaka themanini. Mkewe Murray alimpeleka kwa boti asubuhi, na boti hiyo hiyo ingemrudisha saa tisa. Ngaire alibeba keki ya povu la mayai, nyeupe pe, ndani ya kopo kubwa. Miaka yote mama ndiye aliyeioka. Mwaka huu mikono yake ilitetemeka, akamwachia binti. Ngaire aliogopa mitikisiko ya boti, akatembea nayo saa mbili nzima kama abebaye kichanga.

Lakini maji yalikuwa hayajapwa. Kibao kilisema watu wavuke kuanzia saa saba na nusu.

"Saa saba na nusu!" Murray alifoka. "Mama ataondoka hajaonja hata kipande. Lete hilo kopo, shemeji, niliweke kichwani. Maji yenyewe haya hata kuku anavuka."

"Kuku wa kwenu warefu, basi. Keki hii haiguswi na mtu."

"Haya, kaa na kibao chako. Mimi nitakufikishia salamu."

"Fikisha ukifika."

Murray akajitosa na mfuko wake wa krimu ya kupaka keki. Mkondo wa kwanza ulimfika kiunoni. Wa pili ulimfika kifuani, ukampokonya krimu, naye akarudi kukwama kwenye fungu la mchanga katikati ya hori, akitetemeka. Ngaire alicheka mpaka machozi yakamtoka, akajimiminia chai. Hata hivyo roho haikumtulia. Bahari ilikuwa nzuri ajabu siku ile, lakini yeye alitazama saa tu.

Saa saba na nusu alivua viatu. Maji yalimfika magotini.

"Twende, mjumbe wa salamu," alisema alipofika fungu la mchanga.

"Shemeji, usimwambie mke wangu."

"Mkeo ana darubini ya kutazamia ndege. Keshakutazama wewe."

Saa nane Bi Huhana alifunua kopo. Aligonga ganda la keki kwa kijiko, akasikiliza.

"Halina ufa," alisema, na machozi yakamlengalenga. "Mimi mwenyewe nililivunja mwaka wa kwanza, hapa hapa, kwa pupa ya kuvuka. Na krimu iko wapi?"

Murray, ndani ya sweta ya rangi ya waridi ya mama mkwe, alitazama baharini. Wote wakaangua kicheko, wakaila keki kavu kwa vidole mpaka boti ilipopiga honi. Ngaire alikuwa na furaha isiyo kifani.

Bi Huhana alimtilia mkwewe kipande cha mwisho mkononi. "Kula, baba," alisema. "Na mwakani, kawia ufike."