Mchumba Aliyekataa Kula

Wenzangu, ngano iingie?

Iingie!

Ikiwawasha?

Tutajikuna!

Hapo kale, kale kweli, palikuwa na binti wa Dagaa, jina lake Mwanakheri. Alikaa miambani na mama yake na Ami Shawali, ndugu wa marehemu baba yake, samaki mwenye maneno mengi kuliko magamba.

Siku moja akaja Konokono wa Baharini kuposa. Kombe lake, ee! Limenakshiwa kama kofia ya bwana harusi. Ami akalizunguka mdomo wazi.

"Jumba hili! Mwanakheri, unahamia humu!"

"Bado hajala," akasema Mwanakheri.

Maana desturi ya Dagaa ni hiyo: mchumba hula kwanza mbele ya wakwe, wamwone anavyokula, ndipo harusi ipangwe.

Wakamwekea mwani. Konokono akasema kwa upole, "Nimefunga."

"Mcha Mungu huyu!" akasema Ami.

Akaja mara ya pili. Mwani ukaletwa.

"Jino linaniuma."

"Maskini, mtoto wa watu!" akasema mama.

"Mama, jino gani hilo tusiloliona?"

"Nyamaza! Wenzio wanaolewa na kaa wasio na hata mlango."

Akaja mara ya tatu. Mwani ukaletwa.

"Mimi hula peke yangu."

"Basi harusi kesho!" Ami akakata shauri. "Binti ataingia kombeni."

"Siingii nyumba ya mtu nisiyejua anakula nini!" Mwanakheri akapiga mkia. "Niiteni mkaidi, niiteni jeuri. Ale kwanza!"

"Unatuaibisha, wewe! Haya, namlisha mwenyewe, uone muungwana anavyokula."

Ami akabana mwani mdomoni, akasogea. Konokono akanyoosha pua ndefu. Mwani akaupita. Jino la sumu likachomoka kama mshale, chwa! Ami akakauka. Taratibu, bila haraka yoyote, akamezwa, yeye na mwani wake.

"Samahani, wakwe," akasema Konokono. "Leo nimefungua."

Dagaa wote wakatimka. Nyuma ya jabali, mama akawa anahema.

"Mwanangu, majirani tutawaambia nini?"

"Waambie desturi imetimizwa, mama. Mchumba amekula."

Basi, mliosikia, sikieni na hili: mkisifiwa uzuri wa nyumba, ulizeni mwenye nyumba anakula nini. Na wanaowahimiza muingie, watangulie wao.

Ngano nimeitua hapa. Aliyeipenda aondoke nayo. Aliyechukia, mashtaka apeleke kwa Ami Shawali.