Digidigi na Wachambuzi wa Mpira wa Yai

Hapo zamani za kale, binadamu alipokuwa bado hajui kupiga teke hata kopo, wanyama walikuwa na vijiji, wenyeviti, na vikao visivyokwisha. Tena walikuwa na mpira. Tulieni, wanangu, si huu mpira wenu wa duara. Wao walicheza mpira wa Australia.

Aliuleta Bi Kangaruu kutoka huko kwao. Ndiye aliyekuwa refa, na kwenye ule mfuko wake wa tumboni alitunza mpira na filimbi. Mpira wenyewe ulikuwa na umbo la yai. Siku ya kwanza Mbuni alipouona aliukalia, akauatamia, na kijiji kizima kikaenda kumbembeleza anyanyuke.

Uwanja nao ulikuwa wa umbo la yai, na kila mwisho zilisimama nguzo nne. Ruksa kupiga teke. Ruksa kuupiga mpira ngumi umfikie mwenzako. Ruksa hata kumpanda mtu mgongoni ukaudaka angani! Mpira ukipita kati ya zile nguzo mbili ndefu, pointi sita. Ukipita pembeni, pointi moja ya kukufuta machozi.

Timu zilikuwa mbili, Kilimani na Mtoni. Kijiji kimoja, korongo lenye maji katikati. Wiki ya dabi, mnyama wa Kilimani hakuvuka korongo kuomba chumvi. Alikula mboga chapwa, akalamba midomo, akasema tamu.

Basi, pembeni mwa uwanja huo aliishi binti mmoja, Digidigi. Mdogo, miguu kama vijiti vya kuchokonolea meno, ulimi kama wembe mpya. Na alikuwa amesoma. Amesoma mpaka vitabu vikamwonea huruma. Aliporudi na cheti chake alikwenda moja kwa moja ofisi ya kijiji kuomba kazi.

"Una uzoefu?" akauliza Mwenyekiti Faru, bila kumtazama.

"Nitaupata wapi kabla ya kazi, Mwenyekiti?"

"Swali zuri sana hilo," akasema Faru. "Next!"

Ili aache kuwasumbua wakubwa, wakamkatia kipande cha ardhi pale karibu na uwanja, ukingoni mwa korongo. Ardhi gani! Kavu kama kigae, kichuguu upande mmoja, na katikati jiwe kubwa limekaa kama mama mkwe aliyekuja kutembea akasahau kuondoka. Digidigi akainua jembe. Ko! Likaruka. Ko! Likaruka tena, likataka kumng'oa na mikono.

Ikafika siku ya mkesha wa dabi, na asubuhi Fisi, mtendaji wa kijiji, akapita anapiga ngoma. Ti-ti-ti!

"Tangazo! Tangazo! Shamba lolote ambalo halijalimwa na kupandwa hadi asubuhi ya dabi, linarudi kwa kijiji! Hi-hi-hii!"

"Kaka Fisi," Digidigi akamdaka, "mashamba yote yamelimwa isipokuwa langu. Tangazo hili si umeniletea mimi peke yangu?"

Fisi akatazama kulia, akatazama kushoto. "Dada, usiseme umesikia kwangu. Mwenyekiti anataka jukwaa la waheshimiwa pale kwako. Viti vya kuegemea, kivuli, supu."

Lile shamba ndilo kitu pekee alichokuwa nacho Digidigi duniani. Cheti hakiliki, alishajaribu kona moja, chachu.

Akakimbia kutafuta msaada. Wenye nguvu wako wapi? Wote wako kijiweni kwa Kobe, muuza kahawa ambaye kahawa yake hukufikia imepoa siku zote. Wamekaa tangu alfajiri, Kilimani benchi hili, Mtoni benchi lile, wanachambua mechi ya kesho.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, binti."

"Naomba mnisaidie kulima. Nusu siku tu."

"Leo?" Kiboko, kinara wa mashabiki wa Mtoni, akashika kifua. "Mwanangu, una akili kweli? Mkesha wa dabi! Sisi tuko bize."

"Bize na nini, mzee wangu?"

"Uchambuzi!"

Wakamgeuzia migongo. Digidigi akajikunja chini ya benchi. Nguvu zote hizi! Wangeweza kuhamisha kilima, nao wamekaa wanahamisha vikombe.

"Kesho," alikuwa akinguruma Faru, maana huyo Mwenyekiti ndiye pia shabiki namba moja wa Kilimani, "Nyati wetu atapita katikati yenu kama treni!"

"Nyati?" Kiboko akacheka, hohohoo, mate yakamrukia Kobe. "Yule anayekimbia kama amevaa viatu vya kuazima?"

"Atapita, nakwambia!"

"Onyesha!" benchi zima la Mtoni likapiga kelele. "Onyesha! Onyesha!"

Hapo kijiweni walikuwa na sheria yao moja, na waliiheshimu kuliko katiba. Ukitabiri jambo, watu wakakuambia onyesha, huna budi uonyeshe kwa mwili wako mwenyewe. Usipoonyesha, unafunga mdomo mpaka mechi iishe. Na kwa shabiki, wanangu, kufunga mdomo siku ya dabi ni kama kuzikwa ukiwa unapumua.

Faru akasimama. Akainamisha kichwa, pembe chini, akatimka. KWARUUUU! Vumbi! Vikombe chali! Benchi chali! Kobe akaingia ndani akafunga mlango.

Vumbi lilipotua, Digidigi alikuwa anatazama chini. Pale alipopita Faru palikuwa na mfereji. Umenyooka. Wa kina. Udongo umegeuka vizuri, mweusi, laini, unanukia.

Masikio ya Digidigi yakasimama, moja kisha la pili.

"Excuse me, wazee wangu," akajitokeza. "Ni uchambuzi wa hali ya juu, mimi nimesoma lakini huu sikufundishwa. Ila hapa padogo. Mzee Faru kakimbia hatua mbili kagonga jiko. Treni gani inaishia jikoni?"

"Hata mimi nimeona!" Kiboko akadakia.

"Nafasi haikutosha!" Faru akapaza sauti.

"Ndiyo maana nasema, mje kwangu. Ni palepale jirani na uwanja. Ardhi ileile, upepo uleule. Nitawachorea umbo la yai na nguzo nitawasimikia. Kisha tuone nani mchambuzi na nani mropokaji."

Loo! Neno mropokaji liliwachoma. Wakanyanyuka wote, vumbi moja.

Digidigi akachora mstari kuzunguka shamba lake lote, akasimika miti minne huku na minne kule. Akasogea kando.

"Mwenyekiti, Nyati anapitaje?"

Faru akashusha pembe. KWARUUUU! kutoka mwisho mpaka mwisho.

"Jamani, mbio!" Digidigi akapiga makofi. "Lakini hiyo ni katikati. Mtoni wakiziba katikati je?"

"Atapita pembeni!"

"Maneno hayo. Onyesha!"

KWARUUUU!

"Akitokea kule kwenye kichuguu?"

"Kichuguu kitu gani!" KWARUUUU, PAAA! Kichuguu kikaenda zake.

Kiboko hakuweza kuvumilia. "Toka hapo, toka! Hizo mbio za harusi. Mtazameni Ngiri wetu anavyopenya!" Akakita meno yake ya chini ardhini, akasukuma tumbo. BURURURU! Udongo ukapanda kama wimbi.

"Mtoni! Mtoni!" wakaimba wenzake.

"Mzee Kiboko umenitoa machozi," Digidigi akasema. "Ila Kilimani wananong'ona kwamba Ngiri hajui kugeuka."

"Nani kasema? Hajui kugeuka? Hajui kugeuka!" BURURURU akaenda. BURURURU akarudi.

Mchana ukapinda. Wakalima, wakavuka, wakarudia. Mashabiki wakaruka na kukumbatiana, wakatukanana kwa mapenzi. Lile jiwe tu ndilo lililobaki.

"Kitu kimoja kinanisumbua," Digidigi akajikuna shingo. "Mbio tumeona. Nani atafunga? Mpira hatuna, lakini jiwe lile nalo lina umbo la yai kiasi..."

"Ondokeni njiani!" Kiboko akapiga kelele.

Akaliwekea bega. Uuuuh! Likatikisika. Faru, kwa kutotaka kupitwa, akaweka pembe upande wa pili. Uuuuh! Gulugulugulu! Jiwe likang'oka, likabiringika, likapita katikati ya miti mirefu na kutumbukia korongoni. CHUBWII!

"POINTI SITA!"

"Za kwetu!"

"Za kwenu wapi? Bega langu!"

"Pembe yangu!"

Wakabishana mpaka pumzi zikawaishia. Wakakaa chini, ulimi nje. Kiboko akasema kwa upole, "Unajua, Mwenyekiti, nyie mkiwa na Nyati na sisi tukiwa na Ngiri, naona kama itakuwa sare."

"Wallahi hata mimi naona sare," akasema Faru.

Ala! Digidigi akatazama shamba lake. Limelimwa, ndiyo, lakini mabonge ya udongo yalikuwa makubwa kama vichwa vya punda. Hapo mbegu haioti. Na hawa sasa wanapatana! Patano la ghafla hivi, mkesha wa dabi! Akafikiri haraka. Kuna kitu gani Kilimani wanakichukia, na Mtoni wanakichukia vilevile?

"Sare sawa, wazee," akasema taratibu. "Sijui refa atakubali."

"Refa?" Faru akasimama.

"Yule yule aliyewanyima pointi dabi iliyopita."

"Alitunyima SISI!" Kiboko akasimama.

"Alitunyima SISI!"

"Akiwanyima tena kesho," Digidigi akauliza, "mtafanyaje?"

Hawakungoja kuambiwa onyesha. Benchi zote mbili, Kilimani na Mtoni, bega kwa bega, wakarukaruka kwa ghadhabu juu ya udongo. PU! PU! PU! PU! Mabonge yakasagika kuwa unga. Ungedhani ni sembe.

Kelele zikamfikia Bi Kangaruu, akaja mbio, filimbi mdomoni. Priiii! "Nini hiki? Mbona mnanisema?"

"Wanasema hujui kukimbia, refa," Digidigi akamwambia kwa masikitiko. "Wanasema mpira ukiwa huku wewe uko kule."

"Mimi? Me?" Bi Kangaruu akavua kofia. "Mimi nimekimbia Australia kuanzia mashariki hadi magharibi!"

"Onyesha!" wakapaza sauti wote.

Tip! Tip! Tip! Akaruka kwa mstari ulionyooka, toka nguzo hadi nguzo, kila anapotua anaacha vitundu viwili. Akageuka, mstari mwingine. Tip! Tip! Tip! Nyuma yake Digidigi akatembea na kibuyu cha kunde, anadondosha mbegu, anafukia kwa kwato ndogo, anashangilia.

"Safi, refa! Na ule upande? Huko wanasema huwa hufiki kabisa!"

Tip! Tip! Tip!

Jua lilipoelekea kuzama, wakaagana kwa furaha, hoi, kila mmoja anajiona mchambuzi bingwa.

Asubuhi ya dabi Fisi akaja na ngoma. Nyuma yake Mwenyekiti Faru na vijana wenye miti ya jukwaa, na kijiji kizima kinaelekea uwanjani.

"Haya, binti, shamba limerudi kwa... " Fisi akatia kidole udongoni. "Limelimwa. Limepandwa. Mwenyekiti, hata jiwe halipo!"

"Haiwezekani! Nani kalima?"

"Shikamoo, Mwenyekiti," akasema Digidigi. "Umelima wewe. Mzee Kiboko kakusaidia. Refa kapanda."

Faru akalitazama shamba. Akaitazama pembe yake. Bado ilikuwa na udongo. Kijiji kikaangua kicheko, hata vijana wa jukwaa wakadondosha miti.

"Umenidanganya!"

"Mimi? Nimesema onyesha tu. Ni sheria yenu."

"Basi kule si kulima!" Faru akanguruma. "Yalikuwa maigizo! Upuuzi wa kijiweni! Shamba halihesabiki kuwa limelimwa!"

Kiboko, aliyekuwa anacheka amelala chali, akageuka haraka. "Rudia hapo, Mwenyekiti. Mbio za Nyati zilikuwa maigizo? Kumbe hawezi?"

"Uuuuuuu!" Mtoni wakazomea. "Nyati wa maigizo! Nyati wa maigizo!"

Kilimani wakainamisha vichwa kwa aibu. Wakamtazama Faru kwa macho ya kuomba. Faru akapima. Huku jukwaa, kivuli, viti vya kuegemea, supu. Kule heshima ya Kilimani. Jasho likamtiririka mpaka kwenye ncha ya pembe.

"Si maigizo!" akalipuka. "Nilichoonyesha ni kweli tupu! Nyati atapita vilevile!"

"Kwa hiyo mfereji uliochimba hapa jana ni wa kweli, Mwenyekiti?" Digidigi akauliza kwa heshima zote.

"Wa kweli kabisa!"

"Na shamba limelimwa kweli?"

"Limelimwa, tena limelimwa na Kilimani! Nani anabisha?"

Hakubisha mtu. Fisi akapiga ngoma, ti-ti-ti! "Limelimwa! Mwenyekiti kasema! Shamba ni la Digidigi! Hi-hi-hiii!"

Dabi ikachezwa mbele ya watu kimya kama msibani, maana mashabiki wote viuno vilikuwa vinawauma na sauti zimekauka kwa kuzomeana. Sauti moja tu ilisikika tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Ilitoka kwa binti mmoja mdogo aliyekaa mpakani mwa shamba lake, miguu ameinyoosha, anashangilia timu zote mbili.

Nanyi wanangu, shabikieni mnavyotaka, ila kabla hujamwaga jasho, tazama kwanza umesimama kwenye shamba la nani.